Bastola Iliyokwishatumika: Mnunuzi Hukaguliwa, Silaha Haikaguliwi

Nchini Marekani, ambako katiba inatambua haki ya wananchi kumiliki silaha na ambako bastola huishi miaka mingi kuliko mtu aliyeinunua kwanza, soko la bastola zilizokwishatumika ni kubwa na la wazi. Zipo katika makabati ya vioo ya maduka ya silaha, katika maduka ya rehani, katika maonyesho ya mwisho wa wiki yanayofanyika kwenye kumbi za miji midogo, na katika mapatano ya watu wawili waliofahamiana kazini. Chuma kilichotunzwa hakizeeki upesi, na bastola iliyotengenezwa mwaka 1950 yaweza kufyatua leo sawasawa na siku ilipotoka kiwandani. Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitambui ni kwamba sheria za nchi hiyo zimejengwa kumchunguza mtu anayenunua, ilhali kitu kinachonunuliwa kinapita bila kuulizwa. Hakuna ofisi ya serikali ya shirikisho inayothibitisha kwamba bastola iliyotumika ni nzima; mzigo huo umeachwa kwa mnunuzi mwenyewe, naye asipoujua huwa hajaubeba.

Uchunguzi wa mnunuzi una historia yake. Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 1968, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson baada ya mauaji ya Martin Luther King na Seneta Robert Kennedy mwaka huohuo, ililazimisha kila anayefanya biashara ya silaha awe na leseni ya shirikisho, ikataka kila silaha inayotengenezwa au kuingizwa nchini ichorwe namba yake ya pekee, na ikaweka umri wa miaka 21 kwa anayenunua bastola dukani, sharti ambalo mpaka sasa linabishaniwa mahakamani. Mwaka 1981 James Brady, msemaji wa Rais Ronald Reagan, alipigwa risasi kichwani katika jaribio la kumwua rais huyo jijini Washington. Sheria iliyopewa jina lake ilipitishwa mwaka 1993, na tangu Novemba 1998 taarifa za mnunuzi wa dukani, anayejaza fomu namba 4473, hupelekwa kwenye mfumo wa kompyuta unaosimamiwa na FBI, yaani shirika la upelelezi la serikali ya Marekani, ambao hujibu, mara nyingi kwa dakika chache, iwapo anaruhusiwa au la. Jibu lisipopatikana katika siku tatu za kazi, sheria ya shirikisho humruhusu muuzaji kukabidhi silaha, ingawa baadhi ya majimbo yanakataza, na kwa mnunuzi aliye chini ya miaka 21 sheria ya mwaka 2022 imeruhusu muda huo urefushwe hadi siku kumi za kazi.

Wanaozuiwa ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Yumo aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa ambalo adhabu yake yaweza kuzidi mwaka mmoja gerezani, hata kama hakufungwa siku moja. Yumo aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mwenzi wake wa ndoa, hata kosa likiwa dogo. Yumo aliye chini ya amri ya mahakama ya kutomkaribia mwenzi huyo, na pia anayetumia dawa za kulevya kinyume cha sheria. Kwa maelfu ya Waswahili na watu wengine wa Afrika Mashariki wanaoishi Marekani, kifungu kinachowagusa zaidi ni kile cha uhamiaji: mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaweza kununua kama raia, lakini aliyeingia kwa viza ya muda, awe mwanafunzi au mgeni, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha wala risasi moja, isipokuwa ana sababu chache zilizotajwa na sheria, kama vile leseni halali ya uwindaji. Jambo hili si la kuchukuliwa kwa wepesi, kwa kuwa sheria ya uhamiaji inahesabu hatia ya kosa la silaha kuwa sababu ya kumfukuza nchini hata mkaazi wa kudumu.

Hapa ndipo undugu unapoweza kumponza mtu. Katika jamii ambamo mwenye makaratasi kamili huwasaidia wengine kukodi nyumba au kununua gari, ombi la “ninunulie, nitakurudishia fedha” husikika kama ombi la kawaida, ilhali kwenye bastola ni kosa la jinai. Fomu 4473 humtaka mnunuzi atamke kwamba yeye ndiye mnunuzi halisi. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Abramski, polisi wa zamani wa Virginia aliyenunua bastola aina ya Glock kwa bei nafuu inayotolewa kwa askari, kwa fedha na kwa niaba ya ndugu wa mzazi wake aliyeishi Pennsylvania. Ndugu huyo alikuwa na haki kamili ya kumiliki silaha na angeweza kujinunulia mwenyewe, lakini majaji watano dhidi ya wanne walisema kwamba tamko lililoandikwa kwenye fomu lilikuwa la uongo, na hatia ikabaki palepale. Kumpa mtu anayeruhusiwa zawadi ya kweli, isiyolipiwa naye, ni jambo jingine na halikatazwi.

Mauzo baina ya watu binafsi ndiyo yenye ukungu zaidi. Sheria ya shirikisho haimlazimishi mwananchi anayemwuzia mwenzake wa jimbo hilohilo amfanyie uchunguzi, ingawa inamkataza kumwuzia mtu ambaye ana sababu ya kuamini kwamba haruhusiwi. Majimbo kama California, Colorado na Washington yamekwenda mbali zaidi na kutaka hata mauzo hayo yapitie kwa muuzaji mwenye leseni. Bastola inayonunuliwa kwa mtu wa jimbo jingine lazima ipelekwe kwa muuzaji mwenye leseni katika jimbo la mnunuzi, naye afanye uchunguzi kabla ya kuikabidhi. Hata pale sheria inapowaruhusu wawili hao wapatane barabarani, ni busara kwenda dukani na kulipia huduma hiyo. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na bei ya bastola, na karatasi inayobaki ni ushahidi kwa pande zote mbili.

Msomaji aliyeko Nairobi au Dar es Salaam asichukue maelezo haya kuwa mwongozo wa nyumbani. Nchini Kenya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na nchini Tanzania Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, zinataka kibali kitangulie silaha, na anayeipokea kutoka kwa mtu mwingine pasipo kibali amekwisha kuvunja sheria kabla ya kuuliza kama ni nzima. Aliyenunua Marekani naye hawezi kuitia kwenye mzigo na kurudi nayo kwao, kwa sababu ruhusa za nchi inakotoka na za nchi inakoingia zinahitajika mapema.

Baada ya mtu huja kitu, na cha kwanza katika kitu hicho ni asili yake. Uchunguzi wa FBI haumwambii mnunuzi kama bastola iliibwa, kwa kuwa unahusu jina la mtu peke yake. Wala hakuna daftari moja la taifa lenye majina ya wamiliki wa silaha: sheria ya mwaka 1986 imelikataza, na polisi wanapotaka kujua historia ya bastola, maombi yao huenda kwenye kituo cha serikali kilichopo Martinsburg, West Virginia, ambako namba hufuatiliwa kutoka kiwandani hadi dukani, na kutoka dukani hadi kwa mnunuzi wa kwanza. Mnyororo huo hukatika bastola inapouzwa mkono kwa mkono. Akinunua mtu wa tatu au wa nne bila maandishi, maswali ya wapelelezi yatamwendea yule wa kwanza, naye atakuwa na neno lake tu la kujitetea. Kwa hiyo hati ya mauziano, yenye tarehe, aina ya bastola, namba yake na majina ya pande zote mbili, inamfaa muuzaji sawa na inavyomfaa mnunuzi, na muuzaji anayeikataa ametoa sababu tosha ya kuachana naye.

Namba yenyewe isomwe kwa macho, chini ya mwanga mzuri. Chuma kilichokwaruzwa au kupigwa tupa mahali pa namba, au kibati kinachoonekana kubandikwa upya, kinamaliza mazungumzo, kwa sababu kumiliki kwa kujua silaha iliyofutwa namba ni kosa la shirikisho lisilotegemea ni nani aliyeifuta. Baadhi ya silaha za kabla ya 1968 hazikuwahi kuwa na namba, nazo ni halali, lakini asiye mzoefu asizinunue bila ushauri wa mjuzi. Namba ikishasomwa, mnunuzi anaweza kuomba kituo cha polisi cha eneo lake kiikague dhidi ya orodha ya silaha zilizoibwa. Jimbo la Florida limefungua orodha yake ili mtu yeyote aitafute mwenyewe. Bastola ya wizi ikigunduliwa baadaye huchukuliwa na polisi, na fedha za mnunuzi haziji nyuma yake.

Namba ina kazi nyingine isiyotajwa sana. Marekani ina tume ya serikali, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, inayosimamia usalama wa bidhaa za walaji, yenye uwezo wa kuondoa sokoni vitanda vya watoto na vikaango vyenye kasoro. Bunduki na risasi ziliwekwa nje ya mamlaka yake. Hakuna chombo cha serikali kinachoweza kukiamuru kiwanda kuita bastola zake zirudi, hivyo urekebishaji hutegemea hiari ya kiwanda na masikio ya mmiliki, na mmiliki wa pili mara nyingi hana habari. Kampuni ya Ruger ilibadili muundo wa bastola zake za silinda za mtindo wa wachunga ng'ombe mwaka 1973, kwa kuweka kipande cha chuma kinachopeleka pigo la nyundo kwenye pini ya kufyatulia pale tu kifyatulio kinapovutwa; zile za kabla ya mwaka huo zingali zikiuzwa, nazo zikibebwa na risasi chini ya nyundo zaweza kufyatuka kwa kuanguka tu. Kiwanda kimekuwa kikizifungia kifaa hicho bila malipo, lakini lazima mtu aipeleke. Vivyo hivyo SIG Sauer, mwezi Agosti 2017, baada ya majaribio kuonyesha kwamba bastola yake ya P320 yaweza kufyatuka ikianguka kwa pembe fulani, ilitangaza marekebisho ya hiari. Zilizouzwa kabla yake na kupita mikononi mwa watu huenda hazijarekebishwa, na kesi juu ya modeli hiyo ziliendelea kwa miaka baadaye. Kuuliza kiwanda kwa namba ya bastola ni kazi ya simu moja, nayo ifanywe kabla ya kulipa.

Sasa bastola iko juu ya meza. Kanuni zinazofundishwa na walimu wengi wa ulengaji, ambazo kwa sehemu kubwa zilienezwa na Jeff Cooper, mwanajeshi wa zamani aliyeanzisha shule ya bastola jimboni Arizona mwaka 1976, zinaanza na kuihesabu kila silaha kuwa ina risasi, hata baada ya mwenyewe kusema haina. Mdomo wake uelekezwe mahali pasipo na mtu, kidole kikae nje ya kifyatulio, na ukaguzi wa kwanza uwe wa kuthibitisha utupu. Katika bastola inayojijaza yenyewe, mpangilio wa vitendo ndio unaookoa uhai: kwanza magazini, yaani kasha la risasi linaloingia mpinini, litolewe, baadaye slaidi, kipande cha chuma cha juu kinachoteleza, ivutwe nyuma na kufungwa hapo, mwisho chemba, tundu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa, itazamwe kwa macho na kuguswa kwa ncha ya kidole. Anayevuta slaidi kabla ya kutoa magazini huingiza risasi nyingine kwenye chemba pindi slaidi inaporudi, kisha huitoa magazini na kuamini kwamba bastola ni tupu. Wengi wamejeruhiwa na kuuawa kwa bastola zilizodhaniwa kuwa hivyo.

Bastola ya silinda, ambayo risasi zake hukaa katika kipande cha chuma cha mviringo kinachozunguka, hueleza afya yake kwa mkono kuliko kwa macho. Baada ya kuthibitisha kwamba matundu yote ni matupu, na kwa ruhusa ya muuzaji, nyundo ivutwe nyuma polepole kwa kidole gumba huku kidole kingine kikiizuia silinda kidogo. Silinda nzima hufika mahali pake na kufungwa kabla nyundo haijamaliza safari, na ile iliyochakaa hubaki nyuma, ikaacha tundu la risasi lisikabiliane sawasawa na mtutu. Kutokukabiliana huko ndiko kunakofanya vipande vya madini vipasuke ubavuni na kuwarukia waliosimama kando. Jaribio hili lirudiwe kwa kila tundu, si kwa moja tu, kwa maana uchakavu mara nyingi huwa wa upande mmoja.

Kisha nyundo ishushwe, kifyatulio kishikiliwe nyuma, na silinda itikiswe kwa upole kulia na kushoto, mbele na nyuma. Mchezo mdogo ni wa kawaida, lakini silinda inayogonga kama mlango uliolegea bawaba inahitaji fundi. Nafasi kati ya silinda na mtutu, ambayo katika bastola nyingi nzuri huwa kama sehemu moja hadi mbili za kumi ya milimita, ipimwe kwa vibati vyembamba wanavyotumia mafundi wa magari. Mwanzo wa mtutu, pale risasi inapoingia kutoka kwenye silinda, utazamwe kwa tochi upande wa chini, hasa katika modeli za ukubwa wa kati za Smith & Wesson zilizotumia risasi za .357 Magnum, ambazo zimejulikana kupasuka hapo kwa matumizi makali ya risasi nyepesi. Mwisho, nyundo ikiwa imevutwa na kidole kiko mbali na kifyatulio, isukumwe mbele kwa gumba kwa nguvu ya wastani: ikianguka, ama imechakaa, ama mtu amekwisha kuitia tupa ili kifyatulio kiwe laini. Hilo la pili ndilo la kuogopwa zaidi, kwa sababu kazi ya fundi wa kujifunzia nyumbani haionekani kwa nje.

Bastola inayojijaza yenyewe ina mengi yanayobadilishika kwa urahisi, na kwa hiyo uchakavu wake haumtishi mtu vilevile. Springi ni vitu vya kuisha, na kubadilishwa kwake ni gharama ndogo. Mtutu ndio wa kutazamwa kwa makini, ukiwa umetolewa na kuelekezwa kwenye mwanga: mifereji ya ndani inayoizungusha risasi iwe na kingo kali, na pasionekane duara jeusi linaloukata mtutu kwa mzingo, kwa kuwa duara hilo ni alama ya uvimbe uliotokea pale risasi yenye baruti pungufu ilipokwama ndani na nyingine ikafyatuliwa nyuma yake. Kwa kuwa chemba ni tupu, kilinzi cha usalama kifungwe na kifyatulio kivutwe, na nyundo isiposimama imara bastola irudishwe. Zile zilizouzwa na idara za polisi zinapobadili silaha mara nyingi zina mikwaruzo mingi nje kwa kuingia na kutoka kwenye ala, huku ndani zikiwa zimefyatuliwa kidogo, nazo ni miongoni mwa manunuzi bora. Mnunuzi asishangae kufifia kwa nukta za kulengea zinazong'aa gizani, kwani hutumia tritiamu, gesi ambayo hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya miaka 12 hivi.

Aina ya risasi isomwe kwenye mtutu wenyewe, na kisanduku cha zamani kilichokuja na bastola kisiaminiwe. Risasi inayoitwa .38 S&W na ile ya .38 Special si moja, ijapokuwa namba ni ileile, kwani ya kwanza ni fupi na nene zaidi. Bastola ya .357 Magnum hufyatua .38 Special bila madhara, ila kinyume chake hakifai hata kidogo.

Kabla bastola haijafika nyumbani, mahali pake pawe tayari. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2005 inamtaka muuzaji mwenye leseni atoe kufuli au kasha la kuhifadhia pamoja na kila bastola anayomwuzia mtu wa kawaida, wajibu ambao hauwahusu watu binafsi, na ndiyo maana bastola za mkono kwa mkono huingia nyumbani zikiwa uchi. Zaidi ya nusu ya vifo vya silaha nchini Marekani ni vya watu waliojiua wenyewe, na nyumba yenye kijana aliyekata tamaa au mtoto mdadisi haiulizi kama bastola ilinunuliwa kwa ajili ya ulinzi. Sefu ndogo ya chuma iliyofungwa ukutani, risasi zikiwa zimefungiwa mahali pengine, ihesabiwe kuwa sehemu ya bei.

Majaribio ya moto hufanywa kwenye uwanja wa shabaha, baada ya kuisafisha bastola na mafuta ya zamani kufutwa, mpigaji akiwa amevaa miwani na vizibo vya masikio. Raundi ya kwanza bastola ijazwe risasi moja tu. Ikifyatuka na ganda likatoka sawasawa, zifuate mbili, kwa sababu bastola yenye hitilafu ya ndani yaweza kufyatua zote kwa kuvutwa mara moja, na mbili zinatosha kulibaini hilo bila kumtia mtu hatarini. Maganda yaliyotoka yaokotwe na kutazamwa: ganda lililovimba au kupasuka ubavuni, au kishindio, kile kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda, chenye alama iliyo kando badala ya katikati, huipeleka bastola moja kwa moja kwa fundi wa silaha, nayo isifyatuliwe tena mpaka atakapoirudisha kwa maandishi yake.